Washigi wawili wekundu, bombani na kichakani: ni ndege mmoja au wawili?

BombaLinavuja

Wakuu, habari za humu. Nina swali limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, na mke wangu ameshaniambia nikalitafutie watu wengine wa kulisikiliza.

Nyuma ya nyumba nina bomba linavuja. Sijalitengeneza makusudi. Maji yanadondokea kwenye karai bovu, na asubuhi kabla jua halijapanda wanakuja kunywa ndege wadogo wekundu, wadogo kuliko shomoro. Nikikaa kimya kwenye kizingiti wananisogelea mpaka hatua tatu, wanaokota punje za nyasi kama vile mimi sipo. Dume ni mwekundu kuanzia kichwani mpaka tumboni, mabawa na mgongo kahawia, mdomo mwekundu wa kuelekea waridi. Jike ni kahawia, ila kati ya jicho na mdomo kuna wekundu kidogo, na pale juu ya mkia pia. Hawa nimewazoea. Wana kiota kwenye paa la banda la vifaa, maana nawaona wakipitisha manyoya ya kuku.

Sasa shida. Kule chini kuna kijito na kichaka kizito cha miiba. Huko yupo mwekundu mwingine. Ukubwa ule ule, kuokota chini vile vile. Lakini huyu hataki mazoea. Ukiwa hatua kumi na tano ameshazama kichakani, na huko ndani anabaki akigomba. Mdomo wake nimeuona mweusi. Au wa buluu. Nilimwona kwa muda wa kupepesa macho mara mbili.

Nikasema basi, ni spishi nyingine, yamekwisha. Juzi bombani, katikati ya wale wangu wenye midomo miekundu, akatua mmoja mwenye mdomo mweusi! Kahawia mtupu, hana wekundu usoni, juu ya mkia tu. Anatembea nyuma ya jike.

Kwa hiyo: yule wa kichakani amehamia kwangu? Wanazaana? Au mdomo unabadilika rangi na wote hawa ni ndege mmoja? Nimeweka picha tatu. Ya kwanza na ya pili ni za bombani. Ya tatu ni ya kichakani, naomba radhi, inaonekana kama tone la damu kwenye majani.

---

Mzee wa Kona

Ndege mmoja huyo. Dume na jike, na rangi hubadilika wakati wa kuzaa. Nimewaona tangu niko mdogo, tulikuwa tunawaita shomoro wekundu wote na hakuna aliyekufa. Funga bomba, unapoteza maji.

---

Darubini Kuukuu

Mzee wa Kona, shikamoo, lakini hapa nakukatalia.

BombaLinavuja, una spishi mbili. Na yule wa juzi mwenye mdomo mweusi ni mtoto wa hao hao wa bombani. Nitaeleza, na naomba univumilie maana hawa ndege nina ugonjwa nao. Kwa misimu kadhaa niliwahi kujitolea kwenye kazi ya kunasa ndege kwa nyavu, kuwapima na kuwavalisha pete miguuni, na hawa washigi wekundu ndio walionitoa jasho kuliko mwewe. Mwewe anakuumiza mkono tu. Mshigi anakuumiza akili, naye mzima mzima hafikii gramu kumi, uzito wa karatasi mbili za kuandikia.

Jambo la kwanza: achana na wekundu. Najua ndio unaovuta jicho, na ndio unaodanganya. Dume yule yule ukimwona juani saa moja asubuhi ni moto, ukimwona kivulini saa tano ni tofali. Manyoya yakichakaa wekundu unapauka, yakiota mapya unakolea. Watu wanakaa wanabishana huyu ni mwekundu wa damu, huyu wa waridi, na kila mmoja yuko sahihi kwa saa aliyosimama yeye.

Samahani kwa lugha, lakini mwangalie makalio.

Wa bombani kwako ni *Lagonosticta senegala*, ambaye Linnaeus alimpa jina la kisayansi mwaka 1766, na ambaye ameenea karibu Afrika yote kusini mwa Sahara, Senegal mpaka Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini. Chini ya mkia wake, pale manyoya mafupi yanapofunika mzizi wa mkia, rangi ni ya udongo mkavu, kahawia iliyopauka. Wa kichakani, kama ndiye ninayemdhania, ni *Lagonosticta rubricata*. Huyo pale chini ya mkia ni mweusi tii, na weusi unapanda mpaka sehemu ya nyuma ya tumbo kama amekalia masizi. Dume ni hivyo, na jike pia chini ya mkia ana weusi, ingawa kifua chake kimefifia. Mshigi anapoinama kunywa au anaporukia kijiti mkia unapanda. Hiyo nusu sekunde ndiyo yako. Usipoteze kwa kuangalia kifua.

Nimeikuza picha yako ya kwanza: udongo mkavu, bila shaka yoyote. Ya tatu, ndugu yangu, ni tone la damu kweli.

La pili ni mdomo, na hapa ndipo uliponaswa. Senegala mkubwa, awe dume awe jike, ana mdomo mwekundu wenye mstari wa giza juu kwenye mgongo wa mdomo. Rubricata mdomo ni wa buluu ya kijivu, rangi ya chuma kilichonolewa. Ukiwa mbali au kivulini unauona mweusi. Hapo ni rahisi. Lakini kinda wa senegala akitoka kiotani ana mdomo wa giza! Hana wekundu usoni, hana vitone vyeupe kifuani, ana wekundu wa juu ya mkia peke yake. Kisha unamwona anatembea nyuma ya mama yake na unasema umepata spishi mpya. Wengi tumepita hapo. Ukimwona tena, angalia chini ya mkia: udongo mkavu kama wazazi wake. Mpe wiki chache na wekundu utaanza kuingia mdomoni.

Kuna na pete ya jicho. Senegala mkubwa ana duara jembamba la njano kuzunguka jicho, kama amechorwa kwa sindano. Kwa hatua zako tatu unaiona bila darubini. Rubricata hana hiyo njano.

Vitone vyeupe ubavuni mwa kifua? Wote wanavyo. Usivisumbukie.

Kuhusu tabia umeshajibu mwenyewe bila kujua. Senegala ni ndege wa watu. Anajenga kwenye paa, kwenye tundu la ukuta, kwenye uzio, kiota cha mviringo cha nyasi kilichotandikwa manyoya, na ukimkuta dume amebeba unyoya mdomoni anapiga magoti-magoti juu chini mbele ya jike huku anaimba, usimcheke, anaposa. Rubricata anataka kichaka kilichoshonana, ukingo wa msitu, bonde lenye unyevu. Anatoka kuokota punje pembeni, mguu mmoja uko nje mwingine uko ndani. Huyo wako wa hatua kumi na tano.

Kuzaana kwao porini sijawahi kuona.

---

Mzee wa Kona

Marahaba. Nimesoma. Nimetoka nje nimewaangalia wa kwangu, kweli chini ya mkia wamepauka, na pete ya njano ipo. Miaka yote hiyo sijaiona.

Lakini swali: kama mtu anaona mdomo wa buluu na makalio meusi, ndiyo basi, amemaliza? Ni huyo rubricata moja kwa moja?

---

Darubini Kuukuu

Hapana mzee. Umeuliza pale pale panaponiuma.

Kuna wa tatu, *Lagonosticta rhodopareia*. Mdomo buluu ya kijivu. Chini ya mkia mweusi. Kichaka vile vile, ingawa yeye anapenda zaidi vichaka vya nchi kavu. Tofauti wanayoitaja watu ni kwamba ana rangi ya waridi zaidi, na wekundu wake umemwagika mpaka utosini na kisogoni, mgongo nao una joto fulani. Rubricata mgongo wake ni wa kahawia iliyozimika. Kwenye maandishi inaeleweka vizuri sana. Porini ni mateso, kwa sababu rubricata wa eneo moja hafanani na wa eneo jingine: wapo wenye utosi wa kijivu kabisa na wapo wenye utosi uliokolea wekundu.

Nilikuwa na kama mwezi mmoja kwenye ile kazi nilipopewa mfuko wenye dume. Nikamtoa, nikamshika kichwa katikati ya vidole viwili kama tulivyofundishwa, nikaangalia mdomo, nikampulizia manyoya ya chini, nikaangalia weusi, nikaandika RUBRICATA kwa herufi kubwa. Kiongozi wetu hakusema kitu. Akanichukua mkono akaniambia mkunjue bawa. Nikakunjua. Akaniambia tafuta unyoya wa pili ule mrefu unaoonekana ukianzia nje, uuangalie ukingo wake wa ndani. Nikaangalia. Nikamwambia uko sawa tu, umenyooka. Akasema, rubricata haunyooki: una mkato, kama panya ameung'ata kidogo kisha akaghairi. Nikafuta herufi zangu kubwa. Tangu siku hiyo naandika kwa penseli.

Kwa hiyo ukiwa na ndege mkononi, bawa linamaliza ubishi. Ukiwa na ndege kwenye miiba, bawa halikusaidii kitu. Na tafadhali wasomaji wote, nisieleweke vibaya, mtu asiende kutega nyavu kwa ajili ya kuangalia unyoya. Kazi ile ina vibali na mafunzo, na ndege wa gramu tisa anakufa mkononi mwa mtu asiyejua kwa kubanwa kifua tu.

Niliyobaki nayo ni masikio, na mimi masikio yangu ni mabovu. Kuna mtu humu anaitwa Rekoda. Yupo?

---

Rekoda

Nipo. Nilikuwa nawasubiri mmalize makalio.

BombaLinavuja, kabla ya sauti nina maswali mawili.

Moja: huko kijitoni kuna tawi kavu refu, au ncha ya mti iliyo wazi, ambapo anakaa ndege mdogo mweusi anayeng'aa kibuluu kwenye jua, anakaa pale pale asubuhi, mchana na jioni, akipayuka?

Mbili: picha yako ya pili, kona ya kushoto chini, nyuma ya karai. Yule wa kahawia mwenye mistari miwili mipana ya giza kichwani na mstari mwembamba uliopauka katikati. Unamwona mara nyingi?

---

BombaLinavuja

Sijawahi kumtilia maanani! Nilidhani ni shomoro jike. Ndiyo, anakuja, siku hizi karibu kila siku, na hakai kunywa sana. Anakaa tu juu ya waya.

Mweusi wa kijitoni nadhani nimemwona. Anakaa kwenye mti uliokauka upande wa pili. Huyo ana uhusiano gani na swali langu? Mimi nimeuliza wekundu.

---

Rekoda

Ana uhusiano kuliko sisi wote humu ndani.

Huyo mweusi ni fumbwe, na yule wa kahawia mwenye mistari kichwani ni jike wa fumbwe. Si yule wa mkia mrefu mnayemjua, huyu ni ndugu yake wa mkia mfupi, jenasi ile ile *Vidua*. Hajengi kiota. Jike wake anataga kwenye kiota cha mshigi, mayai meupe kama ya mwenyewe, na mshigi analea. Ila hafanyi unyama wa kekeo wanaomtupa nje mtoto wa mwenye nyumba. Kinda wa fumbwe anakua pamoja na makinda wa mshigi, wanalishwa kinywa kwa kinywa, na ukimfungua mdomo ndani kuna madoa meusi na vinundu vya pembeni vinavyofanana na vya watoto wa mwenyeji wake. Mama mlezi akitazama midomo iliyo wazi gizani anaona watoto wake wote.

Sasa utamu uko hapa. Kila aina ya hao fumbwe ina mwenyeji wake. *Vidua chalybeata* anawatumia senegala. *Vidua funerea* anawatumia rubricata. *Vidua purpurascens* anawatumia rhodopareia. Na madume wa fumbwe ukiwaweka watatu kwenye tawi moja, mimi binafsi siwezi kuapa nani ni nani. Wote weusi, wote wanang'aa, na rangi za midomo na miguu zinasaidia mahali pengine na kupotosha mahali pengine. Lakini dume akiimba anajitaja. Akiwa kiotani alimsikia baba mlezi, akaukariri wimbo wake, na akiwa mkubwa anauimba kutoka kwenye tawi lake, ameuchanganya na makelele yake mwenyewe ya kukwaruza. Jike wa fumbwe aliyelelewa na senegala anavutwa na dume anayeimba kisenegala. Ndivyo ukoo unavyojitunza.

Robert Payne wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyewafuatilia hawa ndege kwa miongo, aliwapa ndege wadogo wa kufugwa wenye asili ya Asia, jamaa wa washigi, walee makinda wa fumbwe. Makinda walipokua waliimba wimbo wa hao walezi wa Kiasia, ndege ambaye hakuna fumbwe hata mmoja wa porini aliyewahi kulelewa naye. Hiyo ndiyo ikaonyesha kwamba ni kujifunza, hawazaliwi nao.

Na huyo huyo Payne, nimependa sana hiki kisa, alikuwa na fumbwe mmoja wa uwanda wa juu wa Jos, Nigeria, aliyemwandika mwaka 1982 kwa jina *Vidua maryae*. Fumbwe yule alikuwa anaiga nyimbo ambazo hazikulingana na mshigi waliyemdhania kuwa ndiye mwenyeji. Maana yake ni nini? Kwamba kuna mlezi pale ambaye sayansi haijampa jina. Wakatafuta kwenye mawe na vichaka vya uwanda ule, wakampata mshigi mwekundu mwenye mgongo mwekundu, na mwaka 1998 akaandikwa *Lagonosticta sanguinodorsalis*. Mwigaji ndiye aliyemtaja mwenye wimbo.

Kwa hiyo acha kumkimbiza mwekundu wako kichakani. Nenda kaa chini ya mti mkavu na simu. Mweusi hana haraka, hahami, mwaka ujao utamkuta yeye au mrithi wake kwenye tawi lile lile. Rekodi dakika tano na ulete hapa. Senegala ni noti chache laini zinazopanda kidogo. Rubricata ni mlio mkavu wa haraka, pit-pit-pit-pit, na mitetemo mifupi. Rhodopareia ana mtetemo mrefu unaokwenda, na katikati anaweka miluzi.

---

Mzee wa Kona

Yaani ndege anamtukana mwenyeji wake kwa wimbo wake mwenyewe, juu ya mti, mchana kweupe. Hii dunia.

---

Darubini Kuukuu

Rekoda, ile mistari ya kichwani niliiona kwenye picha nikaipita. Nimeaibika kidogo.

---

BombaLinavuja

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku nane, mvua ilinizuia siku tatu za kwanza.

Siku ya nne nilikaa chini ya mti mkavu tangu saa kumi na mbili na nusu. Mweusi alikuja saa moja kasoro, akatua kwenye kijiti kile kile cha juu kilichochongoka, chini yake pamejaa vinyesi vyeupe, nikajua hapa ni kwake. Alianza na makelele, kama mtu anakuna sufuria kwa kijiko. Nikakata tamaa. Kisha akanyamaza, akajipangusa mdomo kwenye kijiti, na ikatoka pit-pit-pit-pit-pit, na mtetemo, mfupi, umekatwa ghafla. Na kutoka kichakani, chini kabisa, kitu kikamjibu kwa sauti ile ile. Nywele za mikono zilisimama. Faili nimeliweka hapo chini.

Siku ya sita ndipo nilipompata mwekundu. Nilikuwa nimechoka kukaa, nimelala kifudifudi kwenye nyasi, na akatoka kwa miguu yake mwenyewe, hatua kama saba kutoka puani kwangu, kando ya maji. Mdomo ni wa buluu. Sasa nimeuona, si mweusi, ni kama wembe. Nikakumbuka amri: usiangalie kifua. Akainama kunywa, mkia ukapanda, na chini yake ni masizi matupu. Nilisahau kupiga picha. Nilikuwa na kamera mkononi, imewashwa, na nikasahau. Alipoinuka ndipo nikabonyeza, kwa hiyo picha ya nne ni ya maji yanayotikisika.

Kinda wa bombani: chini ya mkia ni udongo mkavu kama ulivyosema, dada Darubini. Na mdomo wake, pale shinani karibu na uso, umeanza kuwa mwekundu hafifu. Ncha bado giza. Nimepiga picha ya tano, hiyo imetoka.

Utosi wa yule wa kijitoni nilijaribu kuukumbuka. Nadhani una wekundu. Sina uhakika kama ni wekundu wake au ni jua lilikuwa linatoka nyuma yangu.

---

Rekoda

Nimesikiliza mara sita, mara mbili kwa spika za masikioni. Hakuna mtetemo mrefu hata mmoja, hakuna miluzi. Ni kirubricata kikavu, na mweusi wako kwa hiyo ni funerea. Dakika ya tatu sekunde ya kumi na mbili, yule anayejibu kutoka chini ni mwenyewe hasa, rubricata mwenye nyumba. Sauti yake iko safi zaidi, haina mikwaruzo. Nakuomba ruhusa niitunze hiyo rekodi.

---

Darubini Kuukuu

Kichaka kizito, maji, wimbo, masizi. Naandika rubricata. Kwa penseli.

Picha ya tano ni nzuri mno, mdomo umegawanyika rangi mbili kabisa. Watu wakituuliza tena kuhusu mshigi mwenye mdomo mweusi bombani tutawaletea hiyo.

---

BombaLinavuja

Rekoda, itunze, bila wasiwasi.

Jambo moja la mwisho. Mke wangu, yule aliyesema amechoka, jana usiku amesoma uzi wote huu kwenye simu yangu kuanzia mwanzo. Hakusema kitu. Leo asubuhi alikuwa anafagia nyuma, akaniita kwa sauti ya chini nisogee taratibu. Anauliza: yule wa kahawia mwenye mistari kichwani, anayekaa kwenye waya, mbona ametoka ndani ya paa la banda?